Sarafu Adimu na Sarafu Iliyopotea

Somo: Luka 15:8–10



Mwezi huu tunapenda kusema nanyi juu ya jambo dogo, ambalo wengi wenu mmeliona lakini labda hamkulitia maanani. Wako watu, vijana kwa wazee, ambao wakirudishiwa chenji dukani, au na kondakta wa daladala, hawaitii mfukoni mara moja. Huigeuza kwanza mkononi. Hutazama mwaka, hutazama sura iliyopigwa juu yake, husoma maandishi ya pembeni. Wanatafuta sarafu isiyo ya kawaida: ya zamani, au ya nchi jirani iliyovuka mpaka bila pasi, au yenye kosa la kiwandani. Wakiipata huiweka kando, wala hawainunulii kitu.

Wengine huwacheka watu hawa. Sisi hatuwacheki, maana wanafanya jambo jema ambalo ni adimu kuliko sarafu zenyewe: wanakitazama kile ambacho watu wote wanapokezana bila kukitazama. Tena Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kutufundisha habari za Mungu na za mwanadamu, hakuona haya kutumia sarafu kuwa mfano. Basi na tufuate njia hiyo hiyo, tuone itatufikisha wapi.

Nchi yetu ni shamba zuri kwa mtafutaji wa namna hii, kwa sababu wametawala wengi, na kila aliyetawala aliacha fedha yake, na hata majina ya fedha yamebaki vinywani mwetu. Tukisema "pesa" tunatumia neno lililotoka Bara Hindi. Tukisema "hela" tunataja sarafu ya Wajerumani, iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Mtu anaweza kusema hela kila siku ya maisha yake asijue kwamba anataja fedha iliyokufa zamani. Baadaye wakaja Waingereza, na tangu mwaka 1921 ikawapo shilingi ya Afrika ya Mashariki: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Zilikuwapo pia ndururu na peni, yaani senti tano na senti kumi, zenye tundu katikati, ambazo akina mama waliweza kuzitunga katika uzi. Halafu mwaka 1966 Tanzania ikatoa sarafu zake yenyewe, zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili samaki katika senti tano, mbuni katika senti ishirini, sungura katika senti hamsini, na mwenge katika shilingi.

Katika miaka ile ya mabadiliko, mtu aliyenunua chumvi aliweza kurudishiwa wafalme wawili na malkia mmoja katika kiganja kimoja. Leo sarafu hizo hazipiti tena sokoni. Huonekana katika makopo na masanduku ya wazee, na mara moja moja katika kikapu cha sadaka.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu bei yake. Katika ndururu na peni zile zenye tundu, ziko zilizopigwa mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyu hakumaliza hata mwaka mmoja katika enzi, naye aliiacha kabla ya kutiwa taji. Huko kwake Uingereza, sarafu zenye kichwa chake hazikupata kutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini huku kwetu, kwa kuwa ile tundu katikati haikuacha nafasi ya kichwa, lilitosha jina tu, nazo zikatolewa. Mtu akiipata hudhani ametajirika. Akienda kwa wajuzi huambiwa kwamba ni ya kupendeza lakini haina bei kubwa, maana zilipigwa kwa mamilioni. Kumbe basi, ukale peke yake si thamani, na jina la mfalme si thamani. Kwa wanunuzi wa sarafu, kinachopandisha bei ni uchache. Kikiwa kimoja ni ghali. Kikiwa vingi ni rahisi. Hiyo ndiyo sheria ya soko.

Sheria hiyo imewahi kuingia hata chini ya misingi ya makanisa. Mwaka 1933 huko Uingereza peni zilikuwa nyingi mno mikononi mwa watu, hata kiwanda cha fedha hakikuona haja ya kupiga nyingine. Zikapigwa chache sana. Zinazojulikana leo ni kama saba tu. Baadhi yake zilipigwa kwa sababu ya desturi ya kuweka sarafu za mwaka huo chini ya jiwe la msingi la jengo jipya. Mbili ziliwekwa chini ya makanisa mawili ya Kianglikana katika mji wa Leeds, yaani St Cross, Middleton, na St Mary's, Hawksworth Wood. Kwa miaka mingi Waingereza wengi waligeuza peni zao mikononi, wakitumaini kuiona ya mwaka 1933, mpaka mwaka 1971 peni ya namna ile ilipoondolewa katika matumizi.

Peni zile zilipowekwa chini ya mawe zilikuwa peni tu, fedha ya kununulia kitu kidogo. Hakuna aliyeziogopea. Lakini bei yake ilipopanda, mwaka 1970 wezi walikwenda katika kanisa la St Cross, wakaichimbua iliyokuwa chini ya jiwe la msingi, wakaenda nayo. Ndipo Askofu wa Ripon akaamuru ile ya kanisa la pili itolewe na kuuzwa, ili wezi wasije wakalivunja kanisa hilo nalo. Ikauzwa mwaka 1972. Mnaona, wapendwa: kitu kilichowekwa kanisani kuwa kumbukumbu, soko lilipokitia bei, kikawa hatari kwa nyumba ya Mungu. Wala wezi wale hawakuwa na haja na jiwe, wala na waumini waliosali juu yake. Walitaka kile kilicho kichache tu.

Sasa tugeuke kwa Bwana wetu, tutazame sarafu aliyotuonyesha yeye. Anasimulia habari za mwanamke aliyekuwa na drakma kumi, akapoteza moja. Drakma ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja. Yule mama akawasha taa, maana nyumba za maskini wa nchi ile zilikuwa na madirisha madogo na giza ndani hata mchana. Akaifagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona, kisha akawaita jirani zake wafurahi pamoja naye.

Tuulize swali ambalo mtafutaji wa sarafu angeuliza: drakma ile ilikuwa na nini cha ajabu? Je, ilikuwa ya mfalme aliyetawala miezi michache? Je, zilikuwapo saba tu duniani? Injili haisemi hivyo hata kidogo. Ilikuwa drakma kama zile tisa nyingine. Mbele ya soko, mwenye drakma tisa angeweza kusema, "Hii moja si kitu, kesho nitapata nyingine." Drakma hiyo ilikuwa na mambo mawili tu: ilikuwa yake, nayo ilikuwa imepotea. Hayo mawili yalitosha kuwasha taa.

Hapa, wapendwa, ndipo njia ya soko na njia ya Mungu zinapoachana. Mtafutaji wa sarafu hupita juu ya mia moja zinazofanana ili aipate moja iliyo tofauti. Mungu huitafuta moja ambayo ni sawa kabisa na nyingine zote, kwa sababu ni yake na haipo mahali pake. Kwa mwenye sarafu, wingi hupunguza thamani. Kwa Mungu, wingi wa watoto wake haujapunguza thamani ya mtoto hata mmoja. Katika hayo tunapata mafundisho matatu kwa ajili ya mtaa wetu.

Fundisho la kwanza ni juu ya sura. Mafarisayo walipomjaribu Bwana kwa habari ya kodi, aliomba aletewe dinari, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari. Akawaambia wamlipe Kaisari kilicho cha Kaisari, na Mungu kilicho cha Mungu. Na kilicho cha Mungu ni kipi? Kitabu cha Mwanzo kinatujibu katika sura ya kwanza, kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wake Mungu. Sisi ndio sarafu yenye sura yake.

Sura za wafalme katika fedha huja na kupita. Ndugu zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, walikubaliana kwamba fedha yao isiwe na picha ya mtu yeyote, na sarafu mpya zilipotoka mwaka 2018 zilikuwa na twiga, kifaru, simba na tembo. Sura ya mtawala inaweza kuondolewa kwa sheria. Sura ya Mungu ndani ya mtu hakuna bunge linaloweza kuiondoa. Inaweza kuchakaa, ndiyo, kama shilingi ya zamani iliyopita katika mikono elfu mpaka kichwa cha mfalme kikawa hakionekani vizuri. Ulevi huichakaza, chuki huichakaza, na umaskini wa muda mrefu humfanya mtu mwenyewe asahau kwamba anayo. Lakini ipo.

Sisi tulio karibu na Unguja tunayo sababu kubwa ya kulikumbuka neno hili. Katika karne ya kumi na tisa fedha iliyotumika sana katika biashara ya huko ilikuwa riyali yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Mtu akiipata leo katika sanduku la babu yake hufurahi, na si vibaya kufurahi. Lakini tusisahau kwamba katika soko la Mkunazini riyali kama hizo zilihesabiwa kuwa bei ya watu. Upande mmoja wa biashara ile alikuwapo mtu mwenye sura ya Mungu, na upande wa pili kifungu cha sarafu zenye sura ya malkia aliyekufa, na watu walisema kwamba vitu hivi viwili vinalingana. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na Sikukuu ya Noeli ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu letu mahali pale pale. Tangu siku hiyo Mkunazini panahubiriwa bei nyingine. Mtume Petro anatukumbusha kwamba sisi hatukukombolewa kwa fedha wala kwa dhahabu, bali kwa damu ya Kristo.

Fundisho la pili ni juu ya haki. Tunalisema wazi kwa sababu ni hatari iliyo karibu na mlango. Kijana anayezijua sarafu anafika kwa bibi mzee kijijini. Bibi analo kopo lenye rupia na riyali alizoachiwa na wazazi wake. Kijana anajua kwamba ndani yake imo moja yenye bei kubwa, bibi hajui. Kijana anasema, "Ah, bibi, vyuma hivi havitumiki tena, nitakusaidia tu, shika elfu mbili ukanunue sukari." Bibi anamshukuru na kumwombea baraka. Kijana anaondoka akicheka.

Kitabu cha Mithali, sura ya ishirini, kinamjua kijana huyu tangu zamani: kinamtaja mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake anajisifu. Huo ni wizi, ndugu, hata kama hakuna kufuli lililovunjwa. Sultani Barghash wa Unguja alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1882, alipiga juu yake picha ya mizani, ili kila anayenunua na kuuza aione haki mkononi mwake. Ingekuwa aibu iliyoje sarafu yenye mizani kununuliwa kwa mizani ya uongo! Kijana Mkristo akiijua bei, na amwambie bibi ukweli, kisha wapatane. Akipata faida ya halali, ni ya kwake na Mungu ambariki. Na ninyi mlio na wazee nyumbani, yatazameni makopo yao pamoja nao kabla mgeni hajayatazama.

Hayo hayo yahusu na kikapu cha sadaka. Wazee wa kanisa wanapohesabu baada ya ibada, hukuta mara nyingine senti zilizokwisha kuondolewa katika matumizi, hata vifungo vya shati. Ikiwa ni mtoto au mzee asiyeona vizuri, Mungu anaijua nia yake. Mjane yule wa Injili alitoa sarafu mbili zilizo ndogo kuliko zote, na Bwana akamsifu kuliko matajiri. Katika Yerusalemu ya siku zile zilikuwa zikipita bado sarafu ndogo za shaba za mfalme Aleksanda Yanayo, aliyekwisha kufa karibu miaka mia moja kabla, nazo zilikuwa zimechakaa sana. Basi hakuna aibu katika sarafu ndogo wala katika sarafu iliyochakaa. Aibu ni kuchagua kwa makusudi kile ambacho muuza mboga amekataa kukipokea, tukampelekea Mungu kwa kuwa yeye hapigi kelele.

Fundisho la tatu ndilo kubwa. Wajuzi wa sarafu wana onyo moja wanalompa kila anayeanza: ukiipata sarafu ya kale yenye uchafu, usiisugue. Mtu asiyejua huchukua majivu na mchanga, akasugua kwa nguvu ili ing'ae, kumbe anakwangua maandishi pamoja na uchafu, na kuiharibu kuliko miaka yote ilivyoiharibu. Ni heri kuishika kwa pembeni, taratibu, kwa mikono safi.

Tulifikirie neno hili tunapompata mtu aliyepotea. Yule dada aliyeacha kuja kanisani alipopata mimba kabla ya ndoa. Yule baba aliyefungwa, na sasa ametoka. Yule mwimbaji wa kwaya aliyeshindwa na pombe: siku moja anarudi, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kisha tunamsugua. Mmoja anamwuliza kwa sauti, "Leo umepotea njia?" Mwingine anasogea asikae karibu naye. Wa tatu anataka asimame mbele ya watu aeleze yote. Jumapili inayofuata hayupo. Kanisa lina utaratibu wake wa toba, na Padre yupo kwa kazi hiyo, nayo hufanyika kwa upole na kwa siri. Yule mwanamke wa Injili alipoiona drakma yake, hatusomi kwamba aliilaumu kwa kuanguka. Alifurahi.

Lakini kabla ya furaha kulikuwa na kazi: taa, ufagio, na bidii. Tena kabla ya kazi hizo kulikuwa na kuhesabu. Mama yule alijua kwamba moja imepotea kwa sababu alizihesabu akaona tisa. Asiyehesabu hapotezi kitu, kwa maana hajui. Mtaa unaweza kujua sawasawa ni fedha kiasi gani zimeingia Jumapili, mpaka shilingi hamsini ya mwisho, na usijue ni mtu gani hakuonekana tangu Pasaka.

Basi tunawaomba jambo moja. Daftari la ubatizo lipo, na majina ya waliopata Kipaimara yapo. Wazee wa kanisa, Umoja wa Mama na vijana wakae pamoja na Padre mwezi huu, wayasome majina hayo polepole, kama mtu anayegeuza sarafu mkononi, jina moja moja, wakiuliza: huyu yuko wapi? Kila mmoja wetu achukue jina moja tu. Asichague jina la mtu mkubwa au mwenye mali, ambaye kurudi kwake kutaleta sifa, maana hiyo ni kutafuta sarafu adimu. Achukue jina lolote, la mtu wa kawaida kama sisi. Aende akabishe hodi, akae, anywe maji atakayopewa, amsikilize. Asipomkuta aende tena.

Nanyi mnaopenda kutafuta sarafu za kale katika chenji zenu, endeleeni kwa amani. Mna macho mazuri, na Kanisa linayahitaji. Na wewe unayesoma maneno haya ukijiona kuwa shilingi moja kati ya mamilioni, usiyejulikana na mtu, uliyechakaa na kuanguka gizani: mwenye nyumba amekwisha kuhesabu. Anajua kwamba haupo. Taa imewashwa kwa ajili yako.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetuumba kwa mfano wako na kutukomboa kwa damu ya Mwanao, utupe macho ya kuwaona wale tunaowapita kila siku, na mikono ya upole ya kuwapokea wanaorudi. Uiponye sura yako ndani yetu pale ilipochakaa, na utufikishe sote, asipungue hata mmoja, katika furaha ya malaika zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.